Ujira wa Mwigizaji: Gunia la Mahindi au Mti wa Kahawa?

Wako watu wengi wadhanio kwamba kuigiza si kazi. Humwona mwigizaji akicheka, akilia au akijifanya mlevi mbele ya watu, kisha husema, "Huyu anacheza tu." Lakini mtu ahifadhiye moyoni maneno ya kurasa nyingi, akayasema kana kwamba yanamtoka kifuani wakati ule ule, hapana shaka afanya kazi ngumu. Na kila kazi ina ujira wake. Ujira wa mwigizaji una shida moja ambayo mkulima na karani waweza kuielewa upesi kuliko watu wengine.

Mkulima auzapo gunia la mahindi, huhesabu fedha zake na shauri limekwisha. Mahindi yale yataliwa, wala hayawezi kuuzwa tena. Ndivyo ilivyokuwa kwa mwigizaji wa zamani aliyecheza jukwaani. Watu walilipa kiingilio, wakatazama, wakaenda zao. Kesho wakija wengine, alicheza tena na kulipwa tena. Mambo yalianza kubadilika tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walipowaonyesha watu picha za sinema kwa malipo mjini Paris. Tangu hapo mchezo uliochezwa siku moja uliweza kuwekwa na kuonyeshwa mara elfu, mwigizaji mwenyewe akiwa amelala nyumbani kwake. Kazi yake ikawa kama mti wa kahawa, ambao hupandwa mara moja na kuzaa mwaka baada ya mwaka. Je, mavuno ya miaka ya baadaye ni ya nani?

Swali hilo lilikuwa kali huko Marekani baada ya televisheni kuenea. Katika miaka ya 1950 makampuni ya sinema yaliuza picha zao za zamani kwa stesheni za televisheni na kupata fedha nyingi, lakini waigizaji waliocheza katika picha hizo hawakuwa na fungu katika fedha hizo. Chama chao, Screen Actors Guild, kilikuwa kikiongozwa na Ronald Reagan, mwigizaji ambaye baadaye, mwaka 1981, alikuwa Rais wa Marekani. Tarehe 7 Machi 1960 waigizaji waligoma, na mgomo ukadumu kama majuma sita.

Mwishowe pande mbili zilipatana. Picha zilizotengenezwa tangu mwaka 1960, zikiuzwa kwa televisheni, waigizaji wake wangepata sehemu yao. Kwa picha za miaka ya nyuma hawangelipwa, ila makampuni yangetoa dola 2,250,000 za kuanzisha mfuko wa uzeeni na wa matibabu. Wako waliolalamika, miongoni mwao Mickey Rooney, kwa kuwa picha zao zilizopendwa sana zilikuwa za zamani. Hata hivyo, karani ajuaye thamani ya pensheni hatashangaa kwamba wengi waliukubali mfuko ule.

Lakini kila chombo kipya huleta swali lile lile. Tarehe 14 Julai 2023 waigizaji wa Marekani waligoma tena, kwa siku 118. Safari hii picha zilikuwa zikiuzwa kwa njia ya intaneti, ambako mtazamaji hulipa ada ya mwezi na kutazama apendavyo. Tena kompyuta zilikuwa zimeweza kuiga uso na sauti ya mtu, hata aonekane akisema maneno asiyoyasema kamwe. Mkataba uliopatikana uliagiza kwamba mfano wa namna hiyo usitumiwe bila idhini ya mwigizaji na bila kumlipa.

Mambo hayo si ya ng'ambo peke yake. Nchini Kenya, ni nani asiyemkumbuka Mzee Ojwang? Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, naye kwa miaka mingi alizichekesha nyumba za matajiri na za maskini katika mchezo wa televisheni uitwao Vitimbi, pamoja na Mama Kayai. Katika uzee wake macho yalimwia mabaya, na wananchi wakachanga fedha ili atibiwe. Alifariki mwaka 2015. Mchango ule ulikuwa tendo jema la kusifiwa. Lakini mchango ni hisani, na hisani huja siku watu wakikumbuka. Mtu aliyefanya kazi yafaa awe na haki yake iliyoandikwa, asingoje kukumbukwa.

Mashindano ya maigizo ya shule huwatoa vijana wengi wenye kipaji, na wengine wao huitwa kucheza katika redio, televisheni na sinema. Wengi hufurahi mno kuonekana, hata hutia sahihi karatasi wasiyoisoma. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana huyo yampasa aulize mambo matatu kabla ya kukubali. Atalipwa kiasi gani kwa siku za kazi? Mchezo ukionyeshwa tena, au ukiuzwa nchi nyingine, atapata fungu gani? Uso wake na sauti yake vyaweza kutumiwa katika jambo jingine bila idhini yake? Akiambiwa kwamba hakuna fungu, na akubali akijua, au akatae akijua.

Mzazi asiyejua mambo ya sinema asione haya kumwendea mtu ajuaye sheria. Na karani ambaye majirani humletea barua awasomee aweza pia kuwasomea mkataba, neno kwa neno, kabla kalamu haijashikwa.