Rimoti isiyotulia

Hadi 1994, televisheni ilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam, mtu wa Tanzania Bara hakuwa na stesheni ya nyumbani ya kutazama, sembuse ya kuhamia. Zanzibar ilikuwa imetangulia tangu miaka ya 1970. Kisha 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikaanza kuzimwa, ving'amuzi vikaingia sebuleni na chaneli kwa makumi, na kidole gumba kikapata kazi ya usiku kucha. Saa mbili, taarifa ya habari, kabla ya kichwa cha tatu, tamthilia ya Kituruki, mara mpira. Cha ajabu, king'amuzi huchelewa kidogo kufungua kila chaneli, kwa hiyo mhamaji hodari hutazama zaidi skrini nyeusi. Vijijini, kama Munisagara wilayani Kilosa, dawa ipo tayari: kibanda umiza. Aliyelipa kiingilio aone Simba na Yanga hana rimoti, anayo mwenye kibanda, na ole wake aiguse dakika ya themanini ili achungulie bei ya mahindi. Nyumbani, lakini, rimoti hushikwa na baba, hata akisinzia.