MASHINE YA GPS IFUNGWE MAHALI PAKE, NA KUMBUKUMBU YAKE TUISOME SOTE



Hivi karibuni nilipanda lori kutoka Bugarama kuteremka Bujumbura. Ile barabara wote mnaijua. Bugarama iko juu zaidi ya mita 2,000, na ziwa letu liko kwenye mita 770 na kitu. Mteremko wote huo unaisha kwa kilomita kama 35 tu, kona juu ya kona. Vijana wa baiskeli wanashuka na mikungu ya ndizi mbele yako, na wengine wanapanda wameshikilia nyuma ya malori.

Kwenye kioo cha mbele, mwajiri alikuwa ameagiza ifungwe mashine ya GPS, ile ndogo ya kushika mkononi. Ilifungwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Katika kona moja mpira uliachia. Mashine ikaanguka miguuni mwa dereva, ikaingia chini ya breki. Dereva akaisukuma kwa kisigino huku mikono yake iko kwenye usukani na gia. Tulipona. Lakini yeye hakuzungumza habari ya kupona. Alisema: "Ndugu, kama imevunjika nitakatwa mshahara."

Neno hilo ndilo linaloniandikisha leo. Mtu ametoka kuponea chupuchupu, na hofu yake ya kwanza ni bei ya mashine ya bosi!

Kampuni ile ina mashine moja tu kwa vyombo vitatu. Asubuhi iko kwenye lori, mchana inahamia kwenye trekta, jioni msimamizi anaifunga kwenye pikipiki. Hakuna fundi aliyeambiwa atengeneze mahali pa kuishikiza. Kila dereva anajitafutia kamba yake.

Ndugu, mimi sipingi mashine. Mashine hii inasikiliza satelaiti zinazozunguka juu kilomita 20,000 na zaidi. Ikizisikia nne, inajua iko wapi na inakwenda mwendo gani. Ilianza kama kazi ya jeshi la Marekani, ambalo lilirusha satelaiti ya kwanza ya mpango huo mwaka 1978. Leo inamsaidia dereva mgeni asipotee, na inaonyesha nani anakimbiza gari ovyo. Mwendo wa kasi unaua watu, na sisi ndio tunaozika. Lakini mashine iliyofungwa vibaya nayo inaua.

Tuseme wazi basi inavyotakiwa kufungwa, ili mjumbe wetu akiingia ofisini asibabaishwe.

Katika lori, iwekwe chini, juu ya dashibodi, karibu na kioo ili ione mbingu. Isipandishwe kwenye sehemu ya kioo ambayo dereva anatazamia barabara. Hapa kwetu jambo hili lina uzito wake. Burundi tunaendesha kulia, na ukivuka Kobero kuingia Tanzania unahamia kushoto. Magari mengine yana usukani kulia, mengine kushoto. Mwenye usukani wa kulia, akiwa hapa nyumbani, anaitaka sana kona ya kushoto ya kioo ili aone gari linalokuja kabla ya kupita lililo mbele yake. Ukimzibia kona ile umemfumba jicho. Kwa hiyo, kabla ya fundi kutoboa tundu lolote, dereva mwenyewe akae kwenye kiti chake aseme: hapa naona, hapa sioni.

Umeme nao ni jambo. Malori makubwa kwa kawaida yana volti 24, magari madogo na pikipiki volti 12. Waya wa volti 12 ukichomekwa kwenye lori unaweza kuunguza mashine, na baadaye unasikia dereva ndiye mharibifu. Waya upitishwe pembeni na ufungwe, usining'inie kwenye gia wala kwenye pedali.

Katika pikipiki, mashine ishikwe na kishikizo cha chuma chenye skrubu, katikati ya usukani, isizibe mita ya mwendo wala isizuie usukani kukata kona. Pikipiki inatetemeka, na mtetemo unalegeza kila kitu, kwa hiyo skrubu zikazwe kila wiki. Katika trekta la shambani, ishikizwe kwenye nguzo au bodi, mbali na usukani na levua, na ikingwe vumbi na mvua. Na popote ilipo, dereva asiiguse wakati chombo kinakwenda. Kama bosi anataka ibonyezwe, atoe muda wa kusimama.

Vishikizo hivi ni vyombo vya kazi kama jembe na panga. Vinunuliwe na mwajiri.

Sasa nakuja kwenye jambo la pili, ambalo ni kubwa zaidi. Mashine hii inaandika. Ile ya mkononi inatunza njia yote ndani yake, na bosi anaisoma jioni. Nyingine zina laini ya simu, zinapeleka habari ofisini papo hapo. Dereva anaitwa, anaonyeshwa mstari kwenye ramani, anaambiwa: hapa ulisimama, hapa ulichelewa. Yeye mwenyewe hajawahi kuuona mstari huo kabla ya siku ya kuhukumiwa.

Na mstari unaweza kukosea. Chini ya paa la bati la bohari, mashine haisikii satelaiti vizuri. Kwenye bonde lenye kuta za milima, vivyo hivyo. Hata gari lililosimama, alama yake inaweza kuchezacheza kana kwamba linatembea. Wenzetu wa chama cha Teamsters huko Marekani waliliona hilo. Katika mkataba wao na kampuni ya UPS wa 2013 hadi 2018 waliandikisha kwamba mfanyakazi hafukuzwi kwa habari za GPS peke yake, isipokuwa amefanya udanganyifu. Hawakuivunja mashine. Waliiwekea mipaka.

Tena, kumbukumbu hiyo hiyo inaweza kuwa shahidi wetu. Kama inajua dereva alisimama dakika 20 kunywa chai, inajua pia kwamba aliondoka saa kumi alfajiri na kurudi saa tatu usiku. Mbona dakika 20 zinaonekana na masaa ya ziada hayaonekani? Kanuni ya Kazi ya Burundi ya tarehe 24 Novemba 2020 inataka masaa ya ziada yalipwe zaidi. Shirika la Kazi la Kimataifa, katika mkataba wake namba 153 wa 1979, lilisema dereva asiendeshe zaidi ya masaa 4 mfululizo bila kupumzika, wala zaidi ya masaa 9 kwa siku. Nchi zilizouridhia ni chache, lakini kipimo ni kizuri na tunaweza kukidai katika mikataba yetu.

Madai yetu basi ni manne. Mashine ifungwe na fundi, dereva akiwepo. Mwajiri alipe kishikizo, waya na matengenezo, na mtu asikatwe mshahara kwa kifaa kilichofungwa kwa kamba. Dereva apate kusoma kumbukumbu ya safari yake. Na mtu asiadhibiwe kwa mstari wa ramani bila kusikilizwa, mjumbe wake akiwepo.

Wewe wa kiwandani au wa shamba la chai na miwa, usiseme hili ni la madereva. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Leo inahesabu mizunguko ya trekta, kesho itavalishwa msimamizi wako, na keshokutwa itahesabu hatua zako kati ya mashine na choo. Mkataba tutakaouandika kwa dereva leo ndio utakaokukinga wewe.

Dereva wangu wa Bugarama alikatwa mshahara. Mashine ilikuwa imepasuka kioo. Suala lake liko mezani kwa wajumbe, na hatutaliacha.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.