Kisu si kinga ya Ukimwi

Wewe kijana wa Naitiri unayejigamba "mimi nishatahiriwa, Ukimwi haunipati", nani alikudanganya? Utafiti wa Kisumu, uliositishwa Desemba 2006, ulionyesha tohara inapunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa karibu nusu. Nusu! Hiyo nyingine umeiweka wapi? Na mkeo je? Ukishaambukizwa, tohara yako haimkingi. Kisonono nacho hakiulizi nani ametahiriwa.

Agosti ya mwaka shufwa, sioyaye ikisikika, kijana anahimizwa asiogope kisu. Sawa. Ni wangapi wanamwambia akapimwe baadaye, atumie kondomu atakapooa hali haijui hali yake? Nasi Waislamu tunaotahiri wana wetu wakiwa wachanga tusijidanganye, tuko mule mule. Kupimwa ni bure kwenye zahanati ya serikali. Nenda na mkeo wiki hii.