Kutu ya Land Rover Haikai Mlangoni
Mchoraji wa rangi za maji akikutana na Land Rover kuukuu, mara nyingi hukimbilia kahawia na kuipaka gari zima kutu. Hilo linaniuma, kwa kuwa ni kuisingizia gari. Ilipozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma ni haba, ndiyo maana bodi yake ikaundwa kwa aloi ya alumini. Mlango wake hubonyea, hukwaruzika, kijani chake hupauka. Kutu itafute kwenye fremu na bawaba. Na kupauka huko hakuna rangi inayokuweza kuliko ya maji: zimua kijani, kitandaze juu ya karatasi iliyolowa, nacho kitakauka kwa madoa yasiyolingana, hasa inavyokuwa boneti iliyochomwa na jua miaka na miaka. Palipochubuka usipake kitu, iache karatasi nyeupe ing'ae. Kingo za madigadi zisubirie pakauke kabisa, la sivyo rangi itavuja. Wachoraji wetu wazifuate Land Rover zilizobaki kwenye mashamba na misheni, wazichore zilivyo, kabla wanunuzi wa vyuma chakavu hawajazifikia.