Jiwe Hai au Jiwe Kavu?

Asimamaye gatini katika Bandari ya Bujumbura huona saruji na shehena nyingine zikiteremshwa kutoka meli na matishari ya Mpulungu na Kigoma. Wachache hukumbuka kwamba mji huu huu ulijulikana ng'ambo kwa bidhaa nyepesi zaidi, yaani samaki wa mapambo. Tangu mapema miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard aliwasafirisha kutoka hapa samaki hai wa Ziwa Tanganyika, na mwaka 1974 mtaalamu Max Poll akampa samaki mmoja wa ziwa hili jina la Brichard.

Samaki wa miambani hawezi kuishi tangini bila mawe. Ndipo lizukapo swali wanalobishania pia wafugaji wa samaki wa baharini: tangi lijengwe kwa jiwe hai au kwa jiwe kavu?

Jiwe hai si jiwe lenye roho. Ni kipande cha mwamba wa matumbawe kilichotolewa majini pamoja na bakteria, mwani, sifongo na wadudu wake. Bakteria hao ndio askari wa usafi: hugeuza amonia ya kinyesi cha samaki, ambayo ni sumu, kuwa nitriti, kisha nitrati. Jiwe kavu lina matundu yale yale, ila wakazi hawajaingia.

Watetezi wa jiwe hai husema kwamba tangi lake hukomaa upesi. Hoja hiyo ina ukweli, lakini si wote. Jiwe likisafirishwa siku kadhaa nje ya maji, viumbe wake wengi hufa na kuoza, na uozo huo huzaa amonia ile ile tuikimbiayo. Hulazimu litengwe katika chombo kingine kwa majuma kadhaa. Tena huweza kuleta wageni wasioalikwa, kama kambamba mkali na visukari vya baharini viumavyo na kuenea tangi zima. Jiwe kavu halina hatari hiyo.

Nakiri kwamba jiwe kavu liliwahi kutuaibisha. Katika bwalo letu la maofisa tulipanga mawe yaliyosuguliwa na kuanikwa juani, tukajaza maji asubuhi, tukatia samaki jioni. Kabla juma halijaisha wote walielea. Tulililaumu jiwe, kumbe kosa lilikuwa haraka yetu. Kuruta hapewi lindo siku ya kwanza, hufunzwa kwanza. Jiwe kavu nalo latakiwa kuloweshwa, kutiwa amonia kidogo ya kuwalisha bakteria, na kupimwa maji kwa majuma manne hadi sita, hata amonia na nitriti zifike sifuri. Kipande kimoja kutoka tangi la zamani lenye afya chatosha kuwa mbegu.

Ndugu msomaji aweza kuuliza: haya yanatuhusu nini sisi tusio na bahari? Yanatuhusu sana. Kusini mwa mji, kuelekea Rumonge na Nyanza-Lac, mwambao wetu una sehemu za majabali. Juu ya mawe hayo huota utando wa mwani ambao samaki wengi huukwangua kwa meno, na katika nyufa zake hutaga na kulea. Tayari udongo umomonyokao milimani huyafunika mawe hayo kwa tope. Je, nasi tuongeze kuyang'oa? Huko baharini, mkataba wa CITES umeorodhesha mawe ya matumbawe katika Kiambatisho cha Pili, yasivuke mpaka bila kibali. Kwa majabali yetu, mlinzi wa kwanza ni dhamiri yetu.

Kwa hiyo, rai yangu ni jiwe kavu. Jiwe la machimboni lililooshwa vizuri hufaa, hata la chokaa, kwani maji ya ziwa letu kwa asili ni magumu na yana alkali. Faida ya jiwe hai ni majuma machache. Hasara yake ni nyumba ya samaki ambayo hatuwezi kuijenga upya. Awezaye kungoja mwezi mmoja na nusu na angoje, ziwa libaki na mawe yake.