Barabara na Makutano Yake

Watu wengi hudhani ya kuwa barabara ikiisha kutiwa lami kazi imekwisha. Sivyo. Barabara iliyonyoka haina matata mengi. Taabu huanza pale inapokutana na nyingine, maana motakaa mbili haziwezi kukaa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ndipo mafundi huamua nani apite, nani angoje, na nani apitishwe mahali pengine kabisa.

Katika nchi ya Embu na Meru jambo hili laonekana wazi. Mito ya Rupingazi, Thuci, Mutonga na Nithi hushuka kutoka Mlima Kenya, na baina ya mto na mto pana mgongo wa nchi. Barabara kuu itokayo Makutano, karibu na Mwea, ikapita Embu, Runyenjes, Chuka na Nkubu mpaka Meru, haifuati migongo hiyo, bali huikata. Zinazoifuata ni njia ndogo: hupanda kwenye chai karibu na msitu, na hushuka kwenye kahawa, hata kwenye mtama na ndengu za nchi ya chini. Kwa hiyo karibu kila mgongo una njia panda yake, na penye njia panda huota soko. Barabara moja hutumikia msafiri wa mbali, mkulima apelekaye majani ya chai, na mtoto aendaye shule.

Tena ni nchi ya miteremko. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia katika bonde la mto Nithi, wakafa watu zaidi ya 30. Hapo pana mteremko mkali na kona, wala si njia panda. Lakini magari mazito yashukayo mteremko kama huo ndiyo yapitayo katikati ya masoko. Kwa hiyo mpango wa makutano ni jambo la uhai.

Namna ya kwanza ni njia panda ya kawaida, ambapo mwenye njia ndogo husimama na mwenye njia kuu hupita. Wahandisi wamehesabu ya kuwa penye njia nne pana mahali 32 ambapo mapito ya magari hugusana. Penye njia tatu ni 9 tu. Ndiyo sababu pengine njia mbili zinazokabiliana hutenganishwa kidogo, zisielekeane. Hapo jumla huwa 18 badala ya 32.

Namna ya pili ni mzunguko, ambao jirani zetu wa Tanzania huuita kiplefti, kwa maneno ya Kiingereza ya kibao kilichowaamuru madereva washike kushoto. Mzunguko wa mstari mmoja una mahali 8 tu pa kugusana. Wote huenda upande mmoja, na aingiaye humngoja aliye ndani, yaani ajaye kutoka mkono wake wa kulia. Uingereza iliiweka kanuni hiyo mwaka 1966, kwa kuwa zamani waliokuwa ndani walizibwa na walioingia, mzunguko wote ukakwama. Faida nyingine ni kwamba hakuna awezaye kwenda mbio, hivyo hata kosa likitokea madhara huwa madogo.

Taa hugawanya wakati: hawa sasa, wale baadaye. Daraja la kupitisha barabara juu ya nyingine hugawanya mahali, asingoje mtu. Ndivyo ilivyofanywa katika barabara ya Nairobi mpaka Thika, iliyojengwa upya kati ya mwaka 2009 na 2012, ikapewa njia za pembeni kwa magari ya karibu na madaraja ya waendao kwa miguu. Lakini kazi hiyo hula fedha na ardhi nyingi, na mwenda kwa miguu hulazimika kupanda ngazi ili avuke. Ikiletwa katika soko la mgongoni, itameza mashamba na kulipasua soko vipande viwili. Mji wa Meru umepata njia nyingine: barabara za kuuzunguka, ili msafiri wa mbali asipite katikati ya watu.

Hata hivyo, makutano mengi ya nchi hii yatabaki njia panda za kawaida kwa miaka mingi, na usalama wake wategemea kuonana. Dereva asiyemwona mwenziye hawezi kumngoja. Matatu ikisimama penye pembe, kibanda kikijengwa hapo, au nepia na mahindi yakipandwa mpaka ukingoni, kanuni zote huwa bure. Kituo cha matatu na kisogezwe mbele, kupita makutano. Nao wenye mashamba ya pembeni waache pembe wazi. Mistari michache ya mahindi si hasara kubwa, mtu akikumbuka ni watoto wa nani wavukao hapo kila asubuhi.