Mtoto wa Kwetu Naye Adaiwe Hesabu

Pale Ankoro, mto Luvua unapomwaga maji yake ndani ya Lualaba, mgombea huja kwa mtumbwi wa mota. Hushuka na chumvi, kofia na vitenge vyenye sura yake. Neno lake la kwanza ni la Kiluba, la pili ni jina la babu yake. Kura zimekwisha hapo, hata sanduku halijafika. Nilimwuliza mama mmoja, ambaye alikuwa bado anakikunja kitenge chake: huyu bwana akifika bungeni atatufanyia nini? Alinitazama kama niliyemtukana. "Mwanangu, huyu si damu yetu? Mtoto wa nyumbani unamwuliza nini?"

Jibu hilo nimelisikia katika miji ya Kalemie na Manono pia, na wasomi wanalisema kwa Kifaransa kizuri. Wanaamini kwamba mtoto wa kwetu akikaa juu, kwetu kutanyanyuka kwenyewe, na kumdai hesabu ni kumwaibisha mbele ya makabila mengine. Ni imani mbovu, na kama kuna watu duniani wanaopaswa kuitupa, ni sisi wa pande hizi.

Mzee Laurent-Désiré Kabila, ambaye kwa baba ni Mluba wa kaskazini mwa Katanga, alishika nchi Mei 1997. Alipouawa Januari 2001, mwanawe Joseph akamrithi na kukaa hadi Januari 2019. Ni zaidi ya miaka 21 ya baba na mwana. Ni wachache Kongo waliowahi kuwa na mtoto wa kwetu wa kiasi hicho. Sasa nenda Piana Mwanga, kwenye Luvua hiyohiyo, ukaulize habari za bwawa la umeme lililojengwa enzi za Wabelgiji kwa ajili ya bati ya Manono. Mitambo ilikufa wakati wa vita, na miaka yote hiyo ya undugu haikuiwasha.

Umeme ni jambo dogo. Novemba 2002 Ankoro iliungua. Jeshi la serikali na wanamgambo wa Mai-Mai walipigana katikati ya makazi ya watu. Raia waliuawa kwa makumi, nyumba zikateketea kwa maelfu, watu wakakimbilia porini na kuvuka maji na watoto mgongoni. Aliyekuwa amiri jeshi mkuu ni nani? Mtoto wa kwetu. Na hao Mai-Mai walizaliwa wapi? Kwetu. Kesi ilipelekwa katika mahakama ya kijeshi ya Katanga, huko Lubumbashi, na hukumu ikatoka Desemba 2004: mashtaka ya uhalifu dhidi ya ubinadamu yakaanguka. Waliozika ndugu zao wakarudi kuezeka nyasi. Sijasikia mgombea hata mmoja, katika wote walioshuka kwenye ule ufuko, akiulizwa kuhusu hukumu hiyo.

Najua kwa nini imani hii ina nguvu, na simdharau yule mama. Serikali kwake ni kitu cha mbali kinachokuja na kodi au bunduki. Akipata mtu mmoja ndani anayejua jina la ukoo wake, anashika hapohapo, maana hana pengine pa kushika. Lakini tazama undugu unavyofanya kazi. Mgeni akila fedha ya zahanati, mji mzima unapiga kelele. Ndugu akila, tunaitana ndani, tunafunga mlango, tunasema yataisha kifamilia. Yanaisha kweli: dawa hakuna, na mlango umefungwa.

Watu watanikumbusha Mei 2021, bunge la mkoa wa Tanganyika lilipomwondoa Gavana Zoé Kabila, mdogo wake Joseph. Je, haikuwa uwajibikaji? Hoja ya kumwondoa ilikuja miezi michache baada ya Joseph Kabila na Rais Tshisekedi kuvunja ushirikiano wao Kinshasa. Upepo wa huko ndio uliovuma. Wanakijiji wa Ankoro hawakusomewa daftari lolote la mapato, kabla wala baada.

Na daftari linaweza kusomwa. Huko Rajasthan, India, wakulima na vibarua maskini, wengi wao hawajui kusoma, walianza Desemba 1994 kukutana hadharani katika kijiji cha Kot Kirana. Orodha za malipo ya kazi za serikali zilisomwa kwa sauti, jina kwa jina. Kila aliyetajwa alijibu kama alilipwa au la. Wakagundua majina ya waliokwisha kufa, na majengo yaliyolipiwa ambayo hayakujengwa. Maofisa waliotajwa walikuwa majirani zao. Hawakunyamaza kwa kuwa ni watoto wa kwao. Shinikizo lao ni mojawapo ya mambo yaliyozaa sheria ya haki ya kupata habari nchini humo mwaka 2005.

Sisi tunangoja nini? Sheria ya madini ya 2018 inaupa uongozi wa eneo la mgodi asilimia 15 ya mrabaha. Lithiamu ya Manono ikianza kulipa, hizo asilimia zitaangukia mikononi mwa nani, na nani atamwuliza? Desemba 2023 madiwani walichaguliwa katika komuni za miji mikuu ya mikoa tu. Himaya za machifu na sekta za vijijini hazina baraza lililochaguliwa. Watabaki wakubwa na ndugu zao.

Ila Katiba ya 2006 imetuachia mlango. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongo haki ya kupeleka maombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Hakihitaji wakili. Kinahitaji karatasi, majina, sahihi, na dole gumba kwa asiyeandika. Ndugu zangu wa Ankoro, tuanze na swali moja: shule na vituo vya afya vya mpango wa serikali wa maendeleo ya wilaya 145, vilivyoandikwa kwa jina la wilaya yetu ya Manono, viko wapi, na vimegharimu kiasi gani? Nakala moja tuipeleke kwa mbunge wetu, mtoto wa kwetu, tumkabidhi mkononi, kisha tuhesabu hiyo miezi mitatu.